Dada Yangu Aliyewekewa Vigingi

Mtu wa Kishushe akiona jiwe linang'aa hulilamba kwanza. Simsingizii mtu, nimewaona kwa macho yangu. Yuko zake nyuma ya mbuzi, anainama, analipitisha ulimini ili rangi itokee, analiinua juani, kisha analitia mfukoni, na usiku huo hapati usingizi kwa kupanga atanunua gari gani. Dada yangu Tryphena ameishi na watu hao tangu aolewe. Nikienda kumtembelea hulazimika kuhamisha mawe kitini ndipo nipate pa kukaa.

Mawe yenyewe si yake. Ni ya shemeji yake Alexander, mdogo wa marehemu mume wake, ambaye huyaweka kwa dada kwa sababu nyumba ya dada ina kufuli nzuri. Zamani Alexander aliwabebea mizigo wageni fulani waliokuja kutafuta madini, na walipoondoka wakamwachia kimashine cha mkononi cha kupimia mionzi kwenye mawe, kile kinacholia tik, tik. Tangu siku hiyo amekuwa profesa. Hakuna kilicho chini ya ardhi asichokijua, na vilivyo juu ya ardhi pia ana maoni navyo. Ni mtu mwema, sikatai. Dada alipofiwa, ni yeye aliyesimamia kila kitu bila kuitwa. Lakini akishaamua jambo, ukimpinga anakutazama kama mtoto aliyemletea kipande cha chupa ya soda akidhani ni kito.

Mwaka juzi Tryphena alitibiwa saratani ya titi. Titi moja likakatwa, akatiwa dawa za mshipa, nywele zikatoka zote, zikarudi na mvi nyingi kuliko zamani, naye akasema bora zimerudi. Tulitoa shukrani kanisani na mbuzi akachinjwa. Sasa mwaka huu, mkaza mwanawe Daisy akiwa na mimba yake ya kwanza, nyonga ikaanza kumuuma Tryphena. Alichechemea kwa muda akidai amekanyaga vibaya. Daktari wetu wa Voi hakukubali maneno hayo. Alisema mtu aliyewahi kuugua ugonjwa ule, akiumwa na mfupa lazima mfupa utazamwe, kwa maana ugonjwa wenyewe una tabia ya kuhamia huko. Akamwandikia picha ya mifupa ya nyuklia, Nairobi.

Neno hilo nyuklia ndilo lililotuharibia mambo. Lilipofika Kishushe, Alexander aliacha kutafuna muhogo.

"Shemeji," akamwambia Tryphena, "hiyo ni ile kitu iko ndani ya mawe. Ikiingia haitoki. Niko na jiwe moja hapo kwako tangu Sylus anatambaa, na mpaka leo inalia vile vile. Sasa hiyo ndio wanataka kukudunga?"

Sylus ndiye mwana wa pekee wa Tryphena na mume wa Daisy, kijana mpole ambaye hajawahi kumbishia baba yake mdogo hata siku moja. Alitazama chini. Daisy akashika tumbo lake. Mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda changu Voi na ulimi wangu naujua, kwa hiyo nikasema tutaenda, na nitakwenda naye mimi.

Njiani dada alitazama nje ya dirisha mpaka tukapita Mtito. Kisha akaniambia kitu ambacho nakumbuka kila neno.

"Pauline, mimi sitaki mengi. Nataka tu nimshike huyo mtoto. Nimwogeshe, nimlaze hapa upande uliobaki. Baada ya hapo daktari aseme anachotaka."

Alikuwa na haki ya kutaka. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na siku za mwanzo ni nyanya huyo anayemwogesha mtoto na kumpikia mzazi uji. Tryphena alikuwa ameshaandaa beseni jipya, limefunikwa kwa leso. Alichoogopa ni kwamba Nairobi wangemwona mgonjwa tena, aanze safari za hospitali, na siku hizo zipite akiwa kitandani mwa watu.

Huko hospitalini tulipokelewa na dada mmoja wa Mombasa aitwaye Firdaus, ambaye kazi yake ni kuchoma sindano hiyo na kupiga hizo picha. Ana sauti ya taratibu na maswali mengi. Alimuuliza Tryphena jina lake mara mbili, akamuuliza dawa anazotumia, akamwomba picha za zamani alizowahi kupigwa, kisha akamuuliza bila kutabasamu kama ana mimba au ananyonyesha.

"Mimi?" Tryphena akashika kiuno. "Mwanangu, huyo mume angetoka wapi? Nimemzika!"

"Twauliza wote, bibi," Firdaus akasema. "Wiki jana nilimuuliza mmoja akacheka hivyo hivyo, kumbe anayo. Haya, umekula?"

Tryphena akajibu kwa huzuni kwamba hajala tangu jana, kwa kuwa Alexander alimwambia dawa ile haipatani na chakula. Firdaus akatikisa kichwa. Alisema picha hii ya mifupa haina kufunga. Zipo nyingine zenye masharti yake, kama ile ya moyo ambayo mtu hukatazwa hata chai, na ndiyo sababu mtu huuliza hospitali, haulizi jirani. Nikaenda kununua mandazi. Tulipomaliza kula akamchoma sindano ndogo mkononi, nayo ilikuwa sindano kama sindano zote. Dada alikuwa amefumba macho akingoja kuungua. Alipofumbua, Firdaus alikuwa ameshaweka pamba.

"Imekwisha?"

"Imekwisha. Sasa twangoja saa mbili tatu ifike mifupani. Ikifika, hujikusanya pale ambapo mfupa wajijenga, na pale ndipo patakapong'aa kwenye picha. Na kung'aa si lazima iwe ule ugonjwa. Mfupa uliovunjika zamani hung'aa, hata mfupa uliochoka kwa uzee hung'aa. Ndiyo maana nataka zile picha za zamani, daktari alinganishe. Kazi yako wewe ni kunywa maji mengi na kwenda chooni kila mara, ili ile isiyoshika mfupani itoke. Na ukimaliza, vuta maji mara mbili, kisha nawa mikono vizuri."

Hapo ndipo penye taabu. Mtu wa Kishushe ni mtu aliyeogea kikombe. Maji aliyooshea mboga huoshea vyombo, na ya vyombo humwagia mgomba. Nilimsindikiza chooni, akavuta mara moja, akasimama akilitazama lile tangi.

"Vuta tena," nikamwambia.

"Pauline, hayo ni maji safi."

"Dada, vuta."

Alivuta akiwa amegeuza uso pembeni, midomo ikicheza. Alipotoka aliniambia kwamba kwa maji aliyoyapoteza siku ile mbuzi wake wote wangekunywa na wengine wakaoga.

Alipowekwa kwenye mashine alikatazwa kutikisika. Hilo kwake ni gumu kuliko sindano, kwa sababu Tryphena huongea kwa mikono. Sahani kubwa ya kamera ilishuka mpaka karibu na pua yake, na nikamwona ananikodolea macho. Firdaus akamweleza kwamba haitamgusa, na kwamba kamera yenyewe haitoi chochote. Mionzi ni ile midogo iliyo mwilini mwake kwa muda huo, kamera inaipokea tu.

"Kwa hivyo mimi ndiye taa," dada akasema bila kusogeza midomo.

"Wewe ndiye taa, bibi. Tulia."

Tulipokuwa bado tunangoja, kabla ya hayo ya kamera, simu ya Sylus ilikuwa imeingia. Daisy amejifungua Voi, msichana, mama na mtoto wazima. Tryphena alipiga vigelegele ukumbini mpaka wagonjwa wengine wakamgeukia, kisha akakumbuka alichonacho mwilini akashika mdomo. Kwa hiyo alipoinuka kwenye mashine swali lake la kwanza halikuwa juu ya mifupa.

"Huyo mtoto nitamshika lini?"

"Leo usimpakate, wala usikae bega kwa bega na mwenye mimba," Firdaus akasema. "Si kwamba utawaua, bibi, ni tahadhari tu. Dawa hii hupungua nusu kila saa sita, yenyewe, hata usipofanya kitu. Mfano una sufuria ya uji asubuhi. Adhuhuri imebaki nusu, jioni robo, kesho wakwangua chini. Na huo ni mbali na ile unayoitoa chooni. Kesho mpakate mjukuu wako mpaka mikono ikuume. Majibu utapigiwa na daktari wako wa Voi, baada ya siku chache."

Alinipa na namba yake ya simu, tukiwa na swali tumpigie. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mawili, na dada pia, na aliyafuata kupita kiasi. Kwenye kituo cha basi alimuuliza msichana mmoja kama ana mimba kabla hajakaa karibu naye, na mamake msichana alikuwa amesimama pale pale. Ilibidi tupande basi jingine.

Tulilala kwangu Voi, na kesho yake, Daisy akiwa ameshatolewa hospitali alfajiri na Sylus kutangulia naye nyumbani, tukapanda pikapu ya Kaloki inayopeleka unga na sabuni Kishushe. Tryphena alikaa mbele na beseni la pili magotini, kwa sababu alipoliona sokoni alisema la kwanza ni dogo. Alikuwa anaimba. Wimbo wenyewe aliuchanganya na mwingine lakini sikumkosoa.

Tulipofika langoni aliacha kuimba. Alexander alikuwa amesimama pale na kofia yake ya kutafutia madini, na upande wa zizi la mbuzi, kuzunguka kibanda cha kuwekea mahindi, kulikuwa na vigingi vinne. Vilikuwa vigingi vyake vile vile anavyowekea mipaka ya madini, vyenye rangi nyekundu juu, na kamba ya katani imepitishwa kutoka kimoja hadi kingine. Ndani ya mipaka kuna kigoda, godoro, na kikombe kilichofungwa uzi mwekundu.

"Shemeji, karibu nyumbani," akasema kutoka mbali. "Hapo ndio kwako kwa sasa. Nimeweka na kivuli."

"Kwa sasa mpaka lini?" nikauliza.

Akatazama mawingu. "Mvua za vuli zikipita tutaangalia."

Nilimwambia kila alichosema Firdaus, sufuria ya uji na kukwangua na yote. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akaelekeza kimashine chake kwa dada, kutoka huko huko alikosimama, nacho kikalia tik. Kikanyamaza. Kikalia tik tena.

"Mnasikia?" akasema kwa upole. "Mimi simchukii. Ni mashine inasema."

Basi wote wakasikia. Daisy alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba ya Tryphena, maana huko ndiko alikolazwa na mtoto, kwenye kitanda kizuri cha nyanya kama ilivyo desturi. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mama, pole," akasema. "Naogopa tu. Ni mdogo sana."

Nilifungua kinywa nimpashe, lakini dada alinishika mkono. Alimtazama yule mtoto, kitambaa cheupe tu mikononi mwa Daisy, hata uso hauonekani. Kisha akaruka ile kamba kwa mguu wake mbovu, akaketi kwenye kigoda.

"Kama iko hata kidogo, wacha nikae," akasema. "Sitaki kumdhuru."

Kwa hasira niliyoipata siku hiyo ningeweza kushona gunia kwa meno. Nililala naye ndani ya vigingi, na mbuzi wakitunusa kupitia ufa wa kibanda. Nikampigia Firdaus simu nikaweka kipaza sauti, akaeleza upya mwanzo mpaka mwisho kwa Kiswahili kizuri ambacho hata mbuzi wangeelewa. Alexander alimshukuru kwa heshima. Simu ilipokatwa akasema yule ni mtoto wa pwani, hajawahi kulamba jiwe, atajuaje.

Siku zikaenda hivyo. Asubuhi Daisy alitoa beseni nje ili nyanya amwone mtoto akiogeshwa, na Tryphena akawa anaogesha kwa mdomo kutoka zizini.

"Shingo, Daisy! Shika shingo! Si hivyo, huyo si kuku! Maji ya sikio, futa maji ya sikio!"

Daisy alijitahidi. Sylus alikuwa anakuja jioni na sahani ya mamake, anaiweka chini kando ya kigingi, anarudi nyuma hatua kadhaa ndipo anasalimia. Wanakijiji walikuja kuona mtoto na kila mmoja alipitia kwetu, akisimama nje ya kamba, akauliza dawa yenyewe ni ya rangi gani, ilichoma, usiku inawaka? Mzee Muinde aliomba kujua kama dada anaweza kumwonyesha mahali penye madini ya chuma. Dada aliwajibu wote kwa mizaha. Alimwambia Muinde aje usiku na koleo. Lakini wakishaondoka alikuwa anakaa ameelekeza uso kwenye dirisha la nyumba yake mwenyewe, na mtoto akilia ndani, mikono ya dada ilikuwa inainuka yenyewe kutoka magotini.

Siku ya tatu nilirudi kutoka kuteka maji nikamkuta ameshika simu kifuani, analia. Tryphena halii ovyo. Alipokatwa titi alimwuliza daktari kama watampunguzia bei ya blauzi.

"Nini?" nikauliza.

"Hakuna," akasema, akafuta uso kwa leso. "Hakuna kitu, Pauline."

Nikajua anamlilia yule mtoto. Nikajua, nikasema sasa basi. Niliweka mtungi chini nikaenda moja kwa moja hadi kwa Alexander, ambaye alikuwa chini ya kivuli cha nyumba akisugua jiwe kwa mate.

"Lete hicho kimashine chako."

"Cha nini?"

"Nataka unipimie."

Fundi wa nguo ana elimu yake moja. Huwezi kusema mtu ni mnene kabla hujajua futi inaanzia wapi. Kimashine kile kililia kwa dada, sawa, lakini hakuna aliyeuliza kinalia vipi kwa wengine. Nikamwambia akielekeze kwa mbuzi. Tik. Kimya. Tik. Kwa Sylus aliyekuwa anatengeneza ua. Tik. Kimya. Tik. Kwa ukuta, kwa mtungi wangu wa maji, kwa tumbo lake mwenyewe. Vile vile.

"Kwa hivyo shemeji, na wewe ulidungwa?" nikamuuliza.

"Hiyo ni ya hewani," akasema, na nikaona anaanza kuona haya kidogo. "Huwa iko kila mahali."

"Aa. Ni ya hewani. Haya, twende kwa dada, na usisimame barabarani. Karibu."

Alikuja mpaka kwenye kamba. Akanyoosha mkono. Nikamwambia apite, akapita kamba yake mwenyewe, akakisogeza kimashine kwenye mkono aliochomwa dada, kwenye nyonga, kwenye magoti. Tryphena alikaa bila kutikisika kama yuko chini ya ile kamera. Tik. Kimya. Tik. Kama mbuzi, kama ukuta, kama tumbo la Alexander.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nina ulimi wangu na siku hiyo ulikuwa na njaa. Nikamshika Alexander mkono nikampeleka mpaka ndani ya nyumba, chumbani, mbele ya Daisy, nikakiinamisha kimashine chini ya kitanda ambacho mtoto amelala juu yake. Huko ndiko liliko gunia la mawe yake yale anayoyapenda zaidi.

Kililia kama mahindi yanayopasuka kwenye kikaango.

Daisy alimnyakua mtoto akaruka mpaka mlangoni. Sylus akaingia na nyundo mkononi akiuliza nani amekufa. Alexander alikuwa amepiga magoti sakafuni, kimashine kinalia mkononi. Kisha akatamka kwa sauti ndogo, "Hayo nayajua. Hayo hayana shida. Nimekaa nayo miaka."

"Sisi pia tumekaa na Tryphena miaka," nikamjibu.

Sijui kama mawe yale yana madhara. Firdaus nilipomuuliza baadaye alisema yawezekana hayana neno, ila tuyatoe tu. Wakati ule hakuna aliyengoja kuuliza. Alexander alilivuta gunia mwenyewe, akalibeba begani mpaka nje ya lango, na Sylus, bila kuambiwa na mtu, akaenda kung'oa vigingi. Aling'oa cha kwanza taratibu, na vilivyofuata kwa hasira. Halafu akamsaidia mamake kusimama, akamshika kiuno, akamleta mpaka chumbani, na nikamsikia akisema, "Mama, nisamehe," naye akamwambia angalia kizingiti.

Tryphena akaketi kitandani. Daisy hakumngoja aombe. Alimweka mtoto mikononi mwake, akatengeneza kile kitambaa, kisha yeye mwenyewe akaegemea bega la mama mkwe na kulia kwa sauti. Mtoto alikuwa na kipaji cha uso kama cha dada. Alikunja uso, akatafuta-tafuta kwa mdomo, akatulia kwenye ule upande uliobaki. Dada alimnusa kichwa. Akahesabu vidole vya mkono, vya miguu, akarudia vya mkono. Tulisimama karibu na ukuta, kila mtu akitazama pengine, Alexander akiwa amesimama nje dirishani, kofia mkononi.

"Daktari wa Voi alinipigia asubuhi," Tryphena akasema bila kuinua uso.

Kumbe ndiyo ile simu.

"Alinipigia na majibu yangu. Nikasema nitamwambia nani? Watu wamekuja hapa tangu juzi. Wameniuliza dawa ni ya rangi gani. Wameniuliza kama inawaka. Muinde ameniuliza chuma. Wewe Sylus umeniuliza kama nimeshiba. Pauline umeuliza mambo ya Alexander mchana na usiku." Akatupitia wote kwa macho, mmoja mmoja, akanifikia mimi akakaa hapo kidogo. "Hakuna hata mmoja ameniuliza mifupa imeonekana vipi."

Nilitaka kusema mimi ndiye niliyempeleka. Nilitaka kusema nimelala na mbuzi. Lakini ilikuwa kweli, nilipigana kwa ajili yake siku zote hizo na swali lenyewe sikuliuliza, na aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Mama," Sylus akasema, "imeonekana vipi?"

"Aha. Sasa mnataka kujua." Macho yake yalikuwa mekundu, lakini pembe ya mdomo ilikuwa imeanza kucheza, na hapo nikamjua dada yangu. "Mlikuwa mbali sana, na mimi siwezi kupiga kelele, nimechoka. Nitamwambia huyu. Huyu ndiye amekuja karibu."

Akainama, akaweka mdomo kwenye sikio la mtoto, akaanza kunong'ona kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani. Alinong'ona chini chini kabisa, makusudi. Daisy akasogeza sikio. Sylus akapiga magoti kando ya kitanda. Mimi nikapanda kitandani na viatu vyangu. Hata Alexander akaingiza kichwa chote dirishani, mpaka shingo, na bado hakusikia, akazunguka mbio kupitia mlangoni akaja kubanana nasi, bega lake likigusa la dada.

Alikuwa anamwambia mtoto kwamba mifupa yote ni misafi. Ni nyonga tu iliyochoka, ya mzee aliyepanda milima mingi, na kuna vidonge vya maumivu, na atakuwepo.

"Rudia," Alexander akasema. "Shemeji, tafadhali. Rudia, sikusikia vizuri."